Nazali, Vipasuo na Mpasuko wa Kaakaa: Kiswahili katika Kinywa cha Mtoto Asiyeungana Kaakaa

1.0 Utangulizi

Maelezo ya konsonanti za Kiswahili tuliyo nayo, tangu Tucker na Ashton (1942) na Polomé (1967) hadi vitabu vya fonetiki vinavyosomeshwa katika vyuo vikuu vyetu, yamejengwa juu ya dhana moja ambayo kwa kawaida haitajwi. Dhana hiyo ni kwamba msemaji ana ala kamili za matamshi: midomo inayofumba, ufizi usio na pengo, kaakaa gumu lililoziba, na kaakaa laini linaloweza kuinuka na kuifungia hewa njia ya puani. Hata hivyo, takriban mtoto mmoja katika kila watoto 700 wanaozaliwa duniani huzaliwa na mpasuko wa mdomo, wa kaakaa, au wa vyote viwili. Mtoto huyo naye hukua akiitafuta lugha ya mama yake kwa ala alizojaliwa.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, tutaangalia jinsi mpasuko unavyotokea na namna unavyoathiri utoaji wa sauti. Pili, tutaonyesha athari hiyo inaangukia wapi katika mfumo wa fonimu na mofimu za Kiswahili. Tutadai kwamba haiangukii kila mahali kwa uzito sawa. Tatu, tutaeleza matokeo ya jambo hilo kwa mtoto anayekua, hususan shuleni, ambako kosa la kinywa huweza kuhesabiwa kuwa kosa la akili. Hoja zetu zinatokana na kanuni za fonetiki zilizothibitishwa katika lugha nyingi, zikilinganishwa na muundo wa Kiswahili Sanifu.

2.0 Suala la Istilahi

Jina lililozoeleka mitaani ni mdomo sungura au mdomo wa sungura. Jina hili linatokana na mfanano wa mdomo wa juu wa mtoto na ule wa mnyama huyo, na picha hiyo hiyo imo katika Kilatini na katika lugha kadhaa za Ulaya. Kwa mtazamo wa semantiki, jina hilo lina kasoro mbili. Linamfananisha mtu na mnyama, na linataja mdomo tu, ilhali sehemu inayoathiri usemaji zaidi ni kaakaa, ambalo halionekani.

Neno mpasuko nalo, ingawa tutalitumia kwa kuwa limekwisha kukubalika, linaweza kumpotosha msikilizaji. Kitu hupasuka baada ya kuwa kizima. Uso wa binadamu hauanzi ukiwa mzima. Hujengwa kwa vipande vinavyokua kutoka pande mbalimbali na kukutana katikati. Mdomo wa juu huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya ujauzito, na kaakaa kati ya wiki ya 6 na ya 9. Vipande visipokutana kwa wakati, pengo hubaki. Kwa hiyo hakuna kilichopasuka, kuna kisichoungana. Tofauti hii si ya maneno tu. Mama anayeambiwa kwamba mdomo wa mwanawe umepasuka huanza kujiuliza ni nani au ni nini kilichoupasua, na kutoka hapo si mbali kufikia laana, uchawi, au kosa alilolitenda akiwa mjamzito. Sayansi inataja mchanganyiko wa urithi na mazingira, yakiwamo uvutaji wa sigara, kisukari cha mama kabla ya ujauzito, na baadhi ya dawa za kifafa. Na mara nyingi haiwezekani kutaja sababu moja kwa mtoto mmoja.

Kwa upande wa sauti, Kiswahili kina neno king'ong'o, yaani usemaji wa puani. Neno hili liko pamoja na kigugumizi na kithembe katika kundi la majina ya kasoro za usemaji yanayoanza kwa ki-. Kiambishi hiki hiki ndicho tunachokikuta katika kipofu, kiziwi na kiwete. Upatanisho wa kisarufi wa majina haya ya watu ni wa viumbe hai (kipofu ameanguka, si kipofu *kimeanguka), lakini umbo lenyewe linabaki katika ngeli ya vitu, na ndiyo maana siku hizi wengi hupendelea mtu asiyeona au mtu mwenye ulemavu. King'ong'o hakina tatizo hilo, kwa kuwa ni jina la sauti, si la mtu. Tatizo huzuka pale mtoto anapoitwa kwa jina la sauti yake.

3.0 Kaakaa na Mkondohewa

Katika usemaji wa kawaida, kaakaa laini hufanya kazi ya mlango. Linaposhuka, hewa hupita puani na nazali [m, n, ny, ng'] hutamkika. Linapoinuka na kugusa ukuta wa nyuma wa koromeo, chemba ya pua hufungwa, na hewa hujikusanya kinywani kwa shinikizo linalotosha kutamka vipasuo na vikwamizi.

Kwa mtoto mwenye mpasuko wa kaakaa mlango huu haufungi. Misuli inayopaswa kukutana katikati na kuliinua kaakaa laini imejishikiza pembeni, kwenye ukingo wa nyuma wa kaakaa gumu, hivyo haina nguvu ya kuinua. Matokeo ya kwanza huonekana kabla ya usemaji. Mtoto hawezi kufyonza titi kwa sababu hewa huvuja, na maziwa hutokea puani. Mama hulazimika kukamua maziwa na kumlisha kwa kikombe au kijiko, mtoto akiwa amekaa wima. Mtoto asipopata uzito wa kutosha, upasuaji nao huahirishwa.

Matokeo ya pili hayaonekani kabisa. Misuli hiyo hiyo ya kaakaa ndiyo inayofungua mrija unaounganisha sikio la kati na koromeo. Mrija usipofunguka, majimaji hukusanyika nyuma ya kiwambo cha sikio, na hali hii huwapata karibu watoto wote wenye mpasuko wa kaakaa. Usikivu hupungua. Kwa hiyo mtoto hujifunza lugha akiwa na vikwazo viwili: anachokisikia kimefifia, na anachotaka kukitamka hakitamkiki.

Ni muhimu kutenganisha mpasuko wa mdomo na ule wa kaakaa. Mtoto mwenye mpasuko wa mdomo peke yake, mdomo ukishashonwa, kwa kawaida husema vizuri. Pengo likifika kwenye ufizi, mpangilio wa meno unaweza kuathiri [s] na [z]. Ni kaakaa linaloamua hatima ya usemaji.

4.0 Hatima ya Fonimu za Kiswahili

Konsonanti za Kiswahili zinaweza kugawanywa katika makundi mawili kwa kigezo cha shinikizo la hewa. Kundi la kwanza halihitaji shinikizo kubwa kinywani: nazali zote, kitambaza [l], viyeyusho [w] na [y], na [h]. Kimadende [r] tutakiweka hapa pia, ingawa hudhoofika. Kundi la pili ni la shinikizo: vipasuo [p, b, t, d, k, g], vipasuo-kwamizi [ch] na [j], na vikwamizi [f, v, s, z, sh, th, dh, gh, kh]. Kundi la kwanza husalimika. La pili huharibika, lakini kwa namna tofauti.

4.1 Vipasuo ghuna

Kipasuo ghuna ambacho hewa yake inapita puani hakina tofauti na nazali ya mahali pale pale pa kutamkia. [b] huwa [m], [d] huwa [n], na [g] huwa [ng']. Katika Kiswahili tofauti hii ina kazi kubwa ya kubainisha maana:

(1) a. baba – mama
    b. bibi – mimi
    c. bwana – mwana
    d. bali – mali
    e. beza – meza
    f. dini – nini
    g. doa – noa

Jozi ya (1a) inatosha kuonyesha uzito wa jambo. Mtoto anamwita baba yake, na kila aliyeko nyumbani anasikia mama. Baba anaweza kufikiri kwamba mtoto hamtambui, ilhali mtoto amemtambua, amemchagulia neno sahihi, na amefumba midomo yake mahali sahihi. Kilichokosekana ni mlango wa nyuma.

Inafaa kukumbuka kwamba vipasuo ghuna vya Kiswahili, visipotanguliwa na nazali, mara nyingi hutamkwa kwa kuvuta hewa ndani kidogo badala ya kuisukuma nje, kama Tucker na Ashton walivyoeleza. Mtu angetarajia kwamba kwa kuwa havihitaji msukumo mkubwa, vitasalimika. Sivyo. Hata kuvuta hewa kunahitaji chemba ya kinywa iliyofungwa pande zote, na chemba yenye tundu haiwezi kuvuta kama isivyoweza kusukuma.

Konsonanti zinazotanguliwa na nazali, kama vile [mb], [nd] na [ng], zina ugumu wa ziada. Hapa kaakaa laini hutakiwa kuwa chini na kisha kuinuka haraka ndani ya muda mfupi mno. Kwa mtoto huyu sehemu ya pili hupotea, na ndoo huwa *noo, mbili huwa *mili.

4.2 Vipasuo si ghuna

Kwa [p], [t] na [k] mtoto hukosa mlio kabisa, kwa sababu hakuna ghuna ya kusikika puani. Wengi hugundua njia nyingine: kuizuia hewa mahali ambapo bado inaweza kuzuiwa, yaani kwenye glota, kabla haijafika penye tundu. Matamshi ya aina hii ya kufidia yameelezwa kwa kina na Trost (1981), pamoja na mengine yanayotolewa kooni na puani. Kwa kutumia alama ['] kwa kipasuo cha glota, maneno paka, taka na kaka yote yatakuwa *'a'a. Kiswahili Sanifu hakina fonimu ya aina hii. Kwa sababu hiyo msikilizaji hana mahali pa kuiweka. Husikia irabu zenye pengo katikati, na husema kwamba mtoto “hatamki”. Kumbe mtoto anatamka, na kwa juhudi kubwa, ila anatamkia mahali ambapo sikio la Mswahili halijafundishwa kusikiliza.

4.3 Vikwamizi na irabu

Vikwamizi hugeuka kuwa mvumo wa hewa puani au kooni, na tofauti baina ya [s], [sh], [f] na [th] hufifia. Irabu nazo hupata unazali, na hapa kuna daraja. Irabu za juu, [i] na [u], huathirika kuliko [a], kwa kuwa ulimi ulioinuka huifanya njia ya kinywani kuwa nyembamba na sauti hukimbilia puani.

5.0 Athari katika Mofolojia

Hadi hapa tumeeleza mambo ambayo, kwa kubadilisha mifano, yangeweza kusemwa kuhusu lugha nyingi. Jambo linalohusu Kiswahili hasa ni kwamba mofimu zake nyingi za kisarufi ni silabi moja yenye konsonanti moja. Konsonanti hiyo ikipotea, sarufi nayo hupotea. Tuangalie viambishi vya njeo na hali pamoja na kitenzi lia, ambacho hakina konsonanti ya shinikizo:

(2) a. analia, alilia, amelia
    b. atalia, akalia, akilia

Maumbo ya (2a) yana [n], [l] na [m], na mtoto mwenye mpasuko huyatamka yakaeleweka. Yale ya (2b) yana [t] na [k]. Atalia na akalia yote huwa *a'alia. Kwa maneno mengine, wakati uliopo, uliopita na hali timilifu husalimika. Wakati ujao, masharti na mfuatano wa matukio huharibika. Mtoto anaweza kueleza alichokifanya, lakini hasikiki anapotaka kueleza atakachokifanya.

Katika upatanisho wa ngeli hali ni hiyo hiyo. Viambishi vinavyosalimika ni a-, wa-, m-, u-, i-, li- na ya-. Vinavyoharibika ni ki-, vi-, zi-, ku- na pa-. Na kati ya hivi vya pili, ki-, vi-, zi- na ku- vina irabu za juu, hivyo hupigwa mara mbili: katika konsonanti na katika irabu. Linganisha:

(3) a. Mwana analia. / Wana wanalia.
    b. Kiti kikubwa kimevunjika. / Viti vikubwa vimevunjika.

Katika (3a) umoja na wingi hubainika. Katika (3b) ki- na vi- vimerudiwa mara tatu kila kimoja. Kwa kawaida tunawafundisha wanafunzi wetu kwamba upatanisho ni ziada inayomsaidia msikilizaji: asiposikia kiambishi cha kwanza, atasikia cha pili. Hapa ziada hiyo haisaidii, kwa kuwa konsonanti inayorudiwa ndiyo ile ile isiyotamkika. Kosa moja hurudiwa mara tatu. Basi mtoto huyu huelezeka vizuri zaidi anaposimulia habari za watu kuliko anapotaja vitu. Katika ukanushi pia, ha- ya haendi husalimika, lakini si- ya siendi huharibika. Anaweza kukanusha kwa niaba ya mwingine. Kukanusha kwa niaba yake mwenyewe ni vigumu.

6.0 Kukua na Kwenda Shule

Mtoto anapoanza shule, jambo la kwanza analotakiwa kulitamka hadharani ni jina lake. Hapa bahati inaingia. Mtoto aitwaye Halima, Amina au Ali amepewa jina ambalo konsonanti zake zote ni za kundi linalosalimika. Aitwaye Khadija, Shabani, Zakia au Baraka hana bahati hiyo. Wawili hao wanaweza kuwa na mpasuko wa ukubwa ule ule, lakini siku ya kwanza mmoja atajitambulisha na mwingine atachekwa. Anayechekwa hujifunza upesi kwamba kunyamaza ni salama, na mtoto anayenyamaza hapati mazoezi ya lugha.

Hatari kubwa zaidi iko kwa mwalimu. Asikiapo *i'i kwa kiti na pia kwa viti, ni rahisi kuamua kwamba mtoto hajamudu ngeli, na kwamba ni mzito wa kuelewa. Uamuzi huo unachanganya viwango viwili vya lugha ambavyo isimu imevitenganisha kwa makusudi: kiwango cha fonetiki na kile cha mofolojia. Njia ya kuvitenganisha darasani ni nyepesi. Mtoto aonyeshwe picha ya kiti kimoja na ya viti vingi, mwalimu atamke neno, na mtoto aonyeshe kwa kidole. Akichagua sawasawa, sarufi anayo. Asipochagua sawasawa, kabla ya kuishuku akili yake, yafaa masikio yake yapimwe, kwa sababu tulizozieleza katika sehemu ya 3.0.

7.0 Upasuaji na Ufundishaji

Upasuaji wa mdomo kwa kawaida hufanywa mtoto akiwa na umri wa miezi 3 hivi, na wa kaakaa kati ya miezi 9 na 18. Umri huu wa pili una sababu ya kiisimu. Ni kipindi ambacho mtoto hutoka katika hatua ya kubwabwaja silabi na kuingia katika maneno ya kwanza, na inatakiwa vipasuo vipate chemba iliyofungwa kabla glota haijazoea kuvifidia. Mashirika kama Operation Smile, lililoanzishwa Marekani mwaka 1982, na Smile Train, lililoanzishwa huko huko mwaka 1999, yamesaidia sana kufikisha upasuaji huo Afrika, nasi Afrika Mashariki tuna hospitali zinazoufanya, kama vile CCBRT jijini Dar es Salaam. Hata hivyo, wapo wanaofika hospitali wakiwa na miaka kumi au zaidi.

Kwa wanaochelewa, ni lazima kutofautisha makosa ya aina mbili. Ya kwanza husababishwa na tundu lenyewe, kama vile [b] kuwa [m]. Tundu likizibwa na kaakaa likafanya kazi, hayo hupungua au huisha. Ya pili ni ya kujifunza, kama vile glota kuchukua nafasi ya [k]. Haya hayatibiwi kwa kisu, kwa sababu ni mazoea, na mazoea huondolewa kwa kufundishwa. Mzazi asiyeelezwa tofauti hii hutoka hospitali akiamini kwamba upasuaji umeshindwa. Mazoezi ya kupuliza maputo au kupuliza mshumaa, ambayo hupendekezwa mara kwa mara, hayarekebishi matamshi. Kinachorekebisha ni kufanyia mazoezi sauti zenyewe, kwanza katika silabi, kisha katika maneno, na hatimaye katika sentensi.

Walimu wa kazi hiyo bado ni wachache. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kutoa shahada ya tiba ya usemaji na lugha mwaka 2008. Wanaisimu wa Kiswahili wana mchango ambao hakuna mwingine awezaye kuutoa. Mwaka 2008 Henningsson na wenzake walipendekeza kwamba usemaji wa wenye mpasuko upimwe katika kila lugha kwa sentensi zinazotenganisha aina za sauti. Kutafsiri orodha ya Kiingereza hakufai, kwa kuwa Kiingereza kina konsonanti mwishoni mwa silabi na mikururo ya konsonanti ambayo Kiswahili hakina, na hakina viambishi tulivyovijadili. Tunapendekeza mwanzo ufuatao:

(4) a. Ali hali wali.
    b. Mama ananinyima nyama.
    c. Babu, beba bao hilo.
    d. Papai lile halipo hapo.
    e. Watoto wote wataitwa.
    f. Kaka, kaa kule kwako.
    g. Sasa usisahau.

Sentensi (4a) haina nazali wala konsonanti ya shinikizo. Mtoto aitamke mara mbili, mara ya pili akiwa amebanwa pua; sauti ikibadilika, irabu zake zina unazali usiotakiwa. Sentensi (4b) ina nazali tupu; hapa sauti inapaswa kubadilika pua ikibanwa, na isipobadilika kuna uwezekano kwamba pua imeziba. Sentensi (4c) hadi (4g) kila moja ina konsonanti moja tu ya shinikizo. Kioo kidogo kikiwekwa chini ya pua hakipaswi kupata ukungu wakati zinapotamkwa. Vipimo hivi havihitaji mtambo wala umeme, na muuguzi wa zahanati anaweza kuvifanya.

8.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mpasuko wa kaakaa hauharibu Kiswahili chote cha mtoto. Huacha nazali, kitambaza na viyeyusho, na pamoja navyo huacha sehemu kubwa ya sarufi: njeo tatu, upatanisho wa watu, na ukanushi wa ha-. Mtoto huyu anaijua lugha kuliko inavyosikika. Yamkini orodha ya (4) itahitaji kupanuliwa, hasa kwa [ch], [f], [z] na konsonanti zinazotanguliwa na nazali, na kurekebishwa kwa lahaja ambazo hutofautisha vipasuo vyenye mpumuo na visivyo nao. Hiyo ni kazi inayomfaa mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliye tayari kukaa wodini na daftari lake, pamoja na daktari wa upasuaji na mtaalamu wa masikio. Fonetiki tunayoifundisha kwa michoro ya kinywa kizima itapata humo mtihani wake wa haki, na mtoto atapata msikilizaji anayejua ni sauti gani alikusudia kuitamka.